Tovuti Moja Imegoma Kwenye Simu Yangu ya Zamani. Je, Niiflashi?

"Mimi ni mwalimu mstaafu, nalima alizeti na vitunguu nje kidogo ya mji wa Singida. Simu yangu ni ya Android 6, alininunulia mwanangu mwaka 2016. Kila asubuhi kabla ya kwenda shambani hufungua tovuti moja ya habari za kilimo, niangalie bei za mazao na utabiri wa mvua. Mwezi uliopita nasikia ilibadilisha sura. Mimi sura hiyo mpya sijaiona, kwa sababu tangu hapo haifunguki. Chrome inaniandikia kwamba muunganisho wangu si wa faragha, na chini kuna herufi kubwa: NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Google inafunguka, Facebook inafunguka, YouTube inafunguka. Mjukuu wangu akichukua intaneti kwangu kwa hotspoti, simu yake inaifungua palepale. Nimezima na kuwasha, nimefuta historia yote, hali ni ileile. Jirani anasema tovuti imefungwa na serikali. Fundi wa stendi anasema simu ina virusi, anataka shilingi 20,000 aiflashi. Nimpe?"

Shikamoo mwalimu. Usimpe, angalau si kwa ajili ya tatizo hili. Kuiflashi simu, yaani kufuta mfumo wake na kuuweka upya, kutaondoa picha zako, na namba ambazo hukuziweka kwenye laini, kisha utairudisha nyumbani na ile tovuti itagoma vilevile. Nitakueleza kwa nini, ili ukienda tena kwa fundi uende ukijua unachomwomba.

Kwanza nakushukuru kwa kunakili yale maandishi ya herufi kubwa. Watu wengi huniambia "haifunguki" tu, nikiwauliza skrini imeandika nini wanasema hawakusoma, walifunga haraka. Kumbe pale chini ndipo simu inapotaja mahali inapoumwa. Wewe umeniletea na jambo la pili lenye thamani kubwa zaidi: mjukuu anatumia intaneti yako, kwa laini yako, na tovuti ileile inafunguka kwake. Hapo mmeshamaliza nusu ya uchunguzi bila kumlipa mtu.

Nikianza na jirani yako: tovuti ikifungwa na mamlaka au na kampuni ya simu, inafungwa kwenye njia, si kwenye kifaa. Walioko Uganda wanaijua hali hiyo vizuri, maana Facebook imefungwa huko tangu Januari 2021, na simu mpya na ya zamani zote hukwama sawasawa mpaka mtu atafute njia ya kuzunguka. Kwako njia ni ileile moja na simu moja inapita. Kwa hoja hiyohiyo tunaondoa ubovu wa mtandao. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika, Afrika Mashariki nzima ilisota, lakini ilisota kwa tovuti nyingi kwa pamoja na kwa simu zote. Haikuwa tovuti moja kwenye simu moja.

Virusi navyo havina tabia hii. Programu mbaya ikiingia kwenye simu utaona matangazo yakijifungua yenyewe, bando likiisha bila maelezo, au programu ambazo hukuziweka. Haichagui tovuti moja ya kilimo na kuiachia Facebook salama. Simtuhumu fundi wako kwamba anakudanganya. "Virusi" ni neno linalotumika kwa kila kisichoeleweka, na kuiflashi simu kweli huponya mambo mengi. Hili si mojawapo.

Kufuta historia pia hakungeweza kusaidia. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, huweka nakala za kurasa na picha ili zisipakuliwe upya kila mara, na huweka vidakuzi, vile vijifaili vinavyoikumbusha tovuti kwamba wewe ni yuleyule wa jana. Nakala hizo zikichakaa, ukurasa unaweza kufunguka nusu, au ukaingiza neno la siri na kurudishwa mwanzoni tena na tena. Hapo kufuta ni dawa. Kwako simu inakataa hata kabla ya kupokea herufi moja ya ukurasa.

Inakataa nini basi? Inakataa cheti.

Nadhani umewahi kwenda kufungua akaunti benki ukaambiwa ulete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Afisa wa dirishani hakujui wewe, wala hamjui mwenyekiti wako kwa sura. Anachokijua ni muhuri. Akiuona muhuri anaoutambua, anakuamini kwa sababu anamwamini aliyeupiga. Tovuti nazo hufanya hivyo. Kila unapofungua tovuti ambayo anwani yake inaanza na https, kabla ya ukurasa kuonekana tovuti hutoa cheti kinachosema: mimi ndiye mwenye jina hili kweli. Cheti hicho kimetiwa saini na mtoaji wa vyeti, na simu yako ina orodha ya watoaji inaowaamini. Mtoaji akiwemo kwenye orodha, mlango unafunguka kimyakimya wala hujui kama umekaguliwa. Asipokuwemo, unapata lile onyo, na maneno yale CERT_AUTHORITY_INVALID maana yake ndiyo hiyo: aliyetia saini cheti hiki simfahamu.

Sasa fikiria mtaa umegawanywa ukazaliwa mtaa mpya, na mtaa mpya ukapata muhuri wake. Barua zake ni halali kabisa. Lakini yule afisa amebandika ukutani karatasi ya mihuri aliyopewa mwaka 2015 na hakuna aliyemletea karatasi mpya. Atakurudisha nyumbani. Barua haina kosa, wewe huna kosa, na kumbadilishia afisa kiti au kumpaka rangi ukuta hakusaidii kitu ilhali karatasi ni ileile.

Simu yako ndiyo yule afisa. Katika Android 6 orodha ya watoaji vyeti imo ndani ya mfumo wenyewe wa simu, imewekwa kiwandani, na hubadilika pale tu kiwanda kinapotoa toleo jipya la mfumo mzima. Viwanda vingi huacha kutoa matoleo hayo baada ya miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo fundi akiiflashi simu yako kwa Android 6 ileile, anairudishia karatasi ileile ya zamani ukutani. Kama unataka kumpima, muulize swali moja kabla hujatoa hela: "Utaniwekea toleo gani la Android?" Akisema ni hilohilo la 6, umepata jibu lako.

Na huo mtaa mpya ni upi? Nakisia kwa nguvu kwamba ni Let's Encrypt. Hili ni jina ambalo msomaji wa kawaida halioni popote, ingawa tovuti nyingi mno duniani zinalitegemea. Ni huduma ya shirika lisilo la faida la Marekani liitwalo ISRG, ilianza kutoa vyeti kwa umma Desemba 2015, na inavitoa bure. Kabla yake tovuti ilipaswa kununua cheti, na wenye tovuti ndogo wengi, hasa kwetu, waliishi bila cheti kabisa. Huduma hii imefanya jema kubwa. Shida ni kwamba cheti mama chake, kile kinachotia saini vyeti vyake vingine, kiitwacho ISRG Root X1, kilizaliwa mwaka 2015, na kwenye Android kimeanza kuwemo tangu toleo la 7.1.1 lililotoka Desemba 2016. Simu yako imeachwa hatua chache nyuma ya mstari huo.

Utauliza, mbona miaka yote hiyo tovuti kama hizo zilikuwa zinafunguka? Kwa sababu mtaa wa zamani ulikubali kuupigia muhuri mtaa mpya. Kampuni ya IdenTrust, ambayo cheti chake kinatambulika hata na simu za zamani sana, ilivithibitisha vyeti vya Let's Encrypt. Mpango wa kwanza uliisha tarehe 30 Septemba 2021. Siku ile naikumbuka. Nilikuwa nahudumia kompyuta za ofisi moja, na nusu ya mashine za zamani zilianza kutoa maonyo kama lako. Nilibadilisha ruta, nikaita kampuni ya intaneti, na jioni ndipo nilipotulia nikasoma maandishi ya chini kwenye skrini. Tangu siku hiyo sianzi popote pengine. Kwa simu za Android daraja lile la IdenTrust liliongezewa muda wa miaka mitatu, na likafika mwisho wake tarehe 30 Septemba 2024. Baada ya hapo simu zilizo chini ya 7.1.1 zimebaki ng'ambo.

Tovuti yako yaelekea ilikuwa na cheti cha mtoaji mwingine, ndiyo maana ilivuka tarehe hiyo bila wewe kuona tofauti. Mwezi uliopita walipobadilisha sura huenda walihamia seva mpya, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na seva nyingi siku hizi huja na cheti cha Let's Encrypt kikiwa tayari. Kwao kila kitu kinang'aa. Hawajui kwamba wamekufungia mlango.

Google inafunguka kwako kwa sababu, kwa ajili ya simu za zamani, inaegemea cheti mama cha GlobalSign kilichotengenezwa mwaka 1998. Hicho nacho kinaisha Januari 2028. Nakutajia mapema si kukutisha, ila usije ukashangaa milango mingine ikianza kufungwa.

Nimesema nakisia, basi tuhakikishe. Fungua Chrome kwenye simu yako uandike letsencrypt.org. Ikikupa onyo lilelile lenye AUTHORITY_INVALID, ugonjwa umethibitika. Kisha mwombe mjukuu afungue tovuti yako ya kilimo kwenye simu yake, aguse ile alama ndogo iliyo kushoto kwa anwani, aingie kwenye maelezo ya cheti na akusomee kimetolewa na nani. Ni kazi ya dakika mbili. Wakati huohuo tazama tarehe na saa ya simu yako. Sidhani ndiyo chanzo, maana saa ikikosea maandishi huwa na neno DATE badala ya AUTHORITY, lakini kuangalia hakugharimu kitu.

Dawa ninayokupendekeza ni kuweka kivinjari cha Firefox kutoka Play Store. Chrome kwenye simu ya zamani kama yako huazima orodha ya vyeti ya simu. Firefox huja na orodha yake yenyewe, kama afisa anayetembea na karatasi yake ya mihuri mfukoni badala ya kutegemea iliyobandikwa ukutani. Let's Encrypt wenyewe waliwashauri watu wenye simu kama yako njia hii. Andaa bando la kutosha na nafasi kwenye simu. Ikiwa imejaa, hamishia picha kwa mjukuu kwanza. Na iwe Play Store tu. Usikubali kutumiwa faili la Firefox kwa WhatsApp au Bluetooth na mtu yeyote, hata mwenye nia njema, kwa sababu ukishaweka kivinjari kisicho cha kweli umempa mgeni funguo za kila mlango utakaoufungua. Baada ya kuiweka, fungua tovuti yako humo na mwombe mjukuu akuwekee alama yake kwenye skrini ya mwanzo, uguse mara moja tu kila asubuhi kama zamani. Chrome iache ilivyo kwa mambo mengine.

Lazima niwe mkweli: hii ni nafuu, si uponyaji. Firefox nayo imeshaacha kutoa matoleo mapya kwa Android 6, kwa hiyo Play Store inaweza kukupa toleo lililopitwa. Kwa kusoma bei za vitunguu litakufaa.

Kuna njia ya mkato ambayo pengine mtu ameshakuonyesha: kwenye ukurasa wa onyo, gusa maelezo zaidi, kisha uchague kuendelea hivyohivyo. Kwa baadhi ya tovuti kitufe hicho kipo, nyingine zimekiondoa kwa makusudi. Kwa ukurasa wa kusoma tu, usioandika chochote, hatari yake siku hiyo ni ndogo. Ninachokiogopa ni mkono kuzoea. Leo unaendelea kwenye bei za alizeti, kesho onyo lilelile linatokea kwenye ukurasa unaojifanya benki yako, na kidole kinaendelea chenyewe. Onyo hili ni mojawapo ya vitu vichache vinavyomlinda mtu asiyekuwa fundi. Nakusihi usiizoeshe mikono yako kulipuuza, na usiandike neno la siri wala namba ya siri ya pesa kwenye ukurasa ulioufungua kwa njia hiyo.

Njia ya tatu ni kukiingiza kile cheti mama cha ISRG kwenye simu kwa mkono, kupitia mipangilio ya usalama. Inawezekana, na Chrome itakikubali. Ila kuongeza cheti mama ni kumpa mtu mamlaka ya kupiga muhuri kwa jina la tovuti yoyote duniani. Kikiwa cheti chenyewe halisi, hakuna ubaya. Kikiwa cha bandia ulicholetewa na mtu, anaweza kujifanya benki, kujifanya barua pepe yako, na simu haitakuonya tena. Isifanywe na mtu wa stendi unayemjua kwa sura tu. Kama una kijana katika ukoo anayefanya kazi hizi na anajua kukipakua kutoka kwa wenyewe, sawa. Kama hayupo, Firefox inatosha.

Njia ya nne ni simu nyingine, na najua kwa mstaafu hilo si neno la kusema kirahisi. Sikuhimizi ukimbie dukani kwa ajili ya tovuti moja. Lakini kama unatumia simu hiyohiyo kwa mambo ya benki, naomba uanze kupanga, kwa sababu Android 6 haijapata maboresho ya usalama kwa miaka mingi, na hilo ni zito kuliko vyeti. Siku ukinunua, hata iwe ya mkononi, kabla ya kulipa ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome toleo la Android kwa macho yako. Usikubali maneno ya muuzaji wala yaliyoandikwa kwenye boksi. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo utakavyokaa nayo muda mrefu. Chini ya 10 mimi nisingechukua leo.

Na kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii: waandikie wenye tovuti. Tumia simu ya mjukuu, tafuta ukurasa wa mawasiliano, waambie kwamba tangu wabadilishe tovuti simu za Android 6 zinaikataa kwa kosa la AUTHORITY_INVALID. Wapo watoaji wengine ambao vyeti mama vyao vimo hata kwenye simu za zamani kuliko yako, na kubadilisha si kazi ya siku nyingi kwa anayejua. Tovuti ya wakulima ina wasomaji wengi wa aina yako, wenye simu iliyokaa miaka kumi na bado inafanya kazi. Wakiijenga kwa kuipima kwenye simu mpya za ofisini pekee, wanawaacha nje haohao wanaowaandikia. Barua moja ya msomaji huwafungua macho kuliko unavyodhani, maana walioshindwa kuingia kwa kawaida huondoka kimya.

Kwa wengine wanaosoma hapa na tovuti yao imegoma kwa maandishi tofauti, dawa pia ni tofauti. Ukiona NAME_NOT_RESOLVED, simu imeshindwa kupata namba ya seva kutokana na jina; kagua kwanza kama umekosea kuandika anwani, kisha washa na uzime hali ya ndegeni. TIMED_OUT ni kwamba umebisha hodi hakuna aliyeitika, jaribu laini nyingine. TOO_MANY_REDIRECTS mara nyingi hupona kwa kufuta vidakuzi vya tovuti hiyo moja, bila kufuta vya tovuti zote. Namba 502 na 503 ni matatizo ya upande wao. Subiri, usiguse kitu kwenye simu yako. Na kama onyo la cheti linatokea ukiwa kwenye waifai ya hoteli au ya mgahawa peke yake, ondoka kwenye waifai hiyo utumie bando lako.

Yapo mazingira ambayo ningetaka umpelekee fundi simu ana kwa ana, mwalimu. Kama Firefox nayo inatoa onyo kwa tovuti ileile, au Google na benki nazo zimeanza kutoa maonyo. Kama unaona programu ambazo hakuna mtu nyumbani anayezijua. Na fanya ukaguzi huu mmoja hata leo: ndani ya mipangilio ya usalama kuna orodha ya vyeti vinavyoaminika, imegawanywa sehemu mbili, ya Mfumo na ya Mtumiaji. Ile ya Mtumiaji kwa kawaida huwa tupu. Ukikuta kitu humo ambacho hukukiweka, usiingie benki kwa simu hiyo mpaka mtu anayeaminika akiangalie.

Ukijaribu letsencrypt.org kwenye Chrome yako na ikafunguka vizuri bila onyo, basi kisio langu limekosea na chanzo kiko kwenye tovuti yenyewe, pengine waliweka cheti bila kukikamilisha. Hali hiyo ikitokea niandikie tena, unakili na jina la mtoaji wa cheti atakalokusomea mjukuu, tuendelee kutoka hapo.